Nilimfunga Binti Yangu Kifua, Kisha Nikamkana

Mwenye kosa ni mimi. Nalisema mapema ili usifike katikati ya maneno haya ukaanza kunitafutia sababu. Sababu ninazo, tena nyingi, na zote zimenichosha.

Nilimuumiza mtoto wangu kwa sutien. Ndiyo, sutien, hii sidiria ambayo kila mwanamke anaivaa asubuhi bila hata kuifikiria. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Ninaishi Bukavu, upande wa Ibanda. Kazi yangu ni kushona. Naenda kwenye miaka thelathini na tatu, lakini ukiniona utasema arobaini. Mashini yangu iko kwenye baraza, na hapo ndipo ninapopokea wanawake wa blauzi, wa vikwembe, yaani vitenge, vya sherehe, mabibi harusi na mama zao. Wanatoka Kadutu, wanatoka Bagira, wanapita kwa washonaji wengine kumi njiani, wanakuja kwangu kwa neno moja tu: yule maman anapima vizuri.

Na kweli napima vizuri! Blauzi yangu haikazi kwapani, haivutiki mgongoni. Mteja akiinua mikono kanisani, nguo inabaki mahali pake.

Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi hata mara moja kumzungushia metre, ule utepe wangu wa kupimia, binti yangu mwenyewe. Eh Mungu!

Jina lake nimelibadilisha, nitamuita Nsimire. Ni mtoto wangu wa pekee. Nilimzaa nikiwa na miaka kumi na saba, nikaacha shule, nikajifunza kushona huku yeye akilala kwenye sanduku la karatasi chini ya meza. Baba yake alienda kutafuta dhahabu upande wa Shabunda, akapata mke huko, hatukumuona tena. Nyumbani tumekuwa wawili tu, mimi na yeye.

Nisikie vizuri hapa, maana ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Mimi mwenyewe nilikua mapema. Nikiwa bado na begi la shule mgongoni, wanaume wazima walikuwa wananiita njiani. Siku moja nilimwambia baba yangu. Badala ya kuwagombeza wao, alinigombeza mimi. "Ni wewe unabaita," alisema. Kwamba mimi ndiye ninayewaita. Maneno matatu tu. Nimeyabeba mpaka leo.

Sasa Nsimire alipofika miaka kumi na tatu, nikaona naye mwili wake unamtangulia. Nikaogopa. Katika mji huu, kwa siku hizi tunazoishi, mama gani haogopi?

Alianza yeye mwenyewe kuniomba. Tulikuwa tunachambua maharage.

"Maman, benzangu bote ku masomo banavaa sutien. Na mimi uninunulie."

"Ya nini? Unataka kumuonesha nani?"

Aliendelea kuchambua maharage. Hakuwa anataka kumuonesha mtu. Alitaka tu kukimbia kwenye mazoezi bila kuumia. Hilo aliniambia baadaye sana, wakati lilikuwa halina faida tena.

Halafu Jumapili moja, tukitoka misa, jirani mmoja akanishika mkono kwenye ngazi za kanisa. Alikuwa anacheka.

"Maman Nsimire, mutoto yako ameisha kuwa maman muzima! Umuchunge, eh!"

Wengine wakageuka kumtazama mtoto. Nsimire aliinamisha kichwa. Na mimi, badala ya kumjibu yule mama, nilimvuta binti yangu kwa nguvu tukashuka. Sauti ya baba yangu ilikuwa imerudi masikioni.

Kesho yake nilimnunulia sutien. Lakini sikumnunulia ya kumtosha. Nilimwambia muuzaji anipe ndogo kuliko zote, namba 75, nikaipeleka nyumbani nikamfunga kwenye kulabu ya mwisho kabisa. Nilinunua ndogo makusudi! Nilifikiri ikimbana, mwili utaelewa.

"Maman, iko inanikaza."

"Itaachia."

Haikuachia. Ilimkata mabegani, ikapanda mgongoni, na kwa mbele haikuficha kitu, iliongeza tu kuonesha. Baada ya wiki mbili nikaona haifai. Hapo ndipo nikafanya jambo ambalo mtu asiyejua kushona asingeweza kulifanya.

Nikamshonea.

Nilichukua kitambaa kigumu, kile cha kutengenezea mifuko ya suruali. Kile hakivutiki hata ukikivuta na watu wawili. Nikakikunja mara mbili, nikakishona kama ukanda mpana wa kutoka kwapani mpaka chini ya mbavu. Sikuweka lastiki hata kidogo. Kulabu nikaziweka nyuma, kumi na mbili, ili asiweze kujifungua mwenyewe. Ilikuwa kazi safi. Naona aibu kusema, lakini ilikuwa imeshonwa vizuri sana.

Kila asubuhi kabla ya unifomu alikuwa anakuja kusimama mbele yangu na kunigeuzia mgongo.

"Toa pumzi," nilikuwa namwambia.

Anatoa. Nafunga kulabu tatu.

"Tena."

Anatoa. Nafunga zingine.

Jioni akirudi namfungua. Ilidumu mwaka mmoja na nusu. Usiseme labda sikujua ninachofanya. Nilijua kila asubuhi.

Nilimuona anabadilika. Chakula alikuwa anaacha nusu, anasema tumbo halina nafasi. Mlima wa kutoka barabara ya chini hadi shuleni, ambao zamani alikuwa anaupanda anaimba, sasa alikuwa anasimama mara tatu akijifanya anafunga kamba za viatu. Akawa anatembea ameinama kama mama mzee aliyebeba kuni. Na mimi nilikuwa namgombeza, "Simama muzuri!" Fikiria wazimu huo. Namfunga, halafu namwambia asimame vizuri!

Siku moja aliniita chumbani.

"Maman, angalia huku. Iko inanichoma."

Nikaangalia. Chini ya kwapa, kote kuwili, ngozi ilikuwa imechubuka, na chini ya mbavu kulikuwa na mistari myekundu. Mwenye moyo angetupa lile dude motoni siku hiyo hiyo. Mimi nilileta vaseline. Nikampaka, nikaweka pamba, nikafunga. Nilifunga!

"Utazoea," nilimwambia.

Hakuzoea. Aliacha tu kuniambia.

Sasa ikafika siku ya Lwiro. Shule iliwaandalia wanafunzi wa darasa lake safari ya kwenda Lwiro, nje ya mji, kuona kile kituo cha utafiti, mambo ya wanyama na mimea. Wiki nzima Nsimire alizungumza habari hiyo. Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo kwa muda mrefu, hata mimi nikafurahi. Asubuhi ya safari akaja, lakini hakunigeuzia mgongo. Alisimama akinitazama.

"Maman, leo tu. Uniache bila hii kitu. Balisema tutatembea sana."

Nikawaza basi limejaa vijana. Nikawaza walimu wanaume, watu wa barabarani, vijiji tusivyovijua.

"Geuka," nikamwambia.

Siku hiyo nilimkaza kuliko siku zote. Ndiyo ukweli, na Mungu ananiona ninapoandika.

Saa sita za mchana nilikuwa nampima bibi harusi mmoja, nina pini midomoni. Simu ikalia, nikaiacha. Ikalia tena, nikaiacha. Mara ya tatu bibi harusi mwenyewe akasema, "Maman, labda iko na maana." Nikapokea. Alikuwa mwalimu wao wa kike.

"Maman Nsimire, usiogope. Mutoto alianguka, akazimia. Sasa ameisha amka. Tunarudi naye. Utukute ku masomo, ku biro ya prefe."

Sijui nilivyofika. Nakumbuka tu kwamba pini moja nilikuwa bado nimeishika mdomoni nilipokuwa kwenye pikipiki.

Mwalimu alinieleza yote mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa shule, yule tunayemuita prefe. Walikuwa wanapanda njia kwa miguu, Nsimire akabaki nyuma, kisha akaenda chini kimya kimya bila kulia. Wakadhani ni jua. Mwalimu akamfungua vifungo vya juu apate hewa, ndipo akakuta lile dude. Alijaribu kulifungua, kulabu zilikuwa mgongoni chini ya mtoto aliyezimia, hazikufunguka. Ikabidi lichanwe kwa mkasi, pale pale kwenye majani. Mwalimu alimfunika na kikwembe chake, lakini darasa lote lilikuwa limeshakusanyika. Wengine walilia. Wengine walicheka. Msichana mmoja akasema, "Kumbe alijifunga sawa gunia ya makala!" Basi toka saa ile, kwa gunia hilo la makaa, jina lake likawa Gunia.

Niliingia ofisini. Nsimire alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, amevaa sweta ya mwalimu, midomo imekauka. Juu ya meza ya prefe kulikuwa na ile kazi yangu, imekatwa vipande viwili.

Prefe ni mwanamke mwenye heshima zake. Tena ni mteja wangu. Alikuwa ananifahamu kwa jina, aliwahi kuniletea hata dada zake.

Aligusa kitambaa kwa ncha ya kalamu.

"Maman, hii kitu ilitoka wapi? Huyu mutoto alikuwa anaweza kufa. Nani alimushonea hii?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Neno moja dogo! Lakini nikawaona wateja wangu wote, nikawaona wale mama wa ngazi za kanisa, nikamuona na huyu prefe mwenyewe akisimulia habari zangu kwa dada zake. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Madame, hata mimi najiuliza. Batoto ba siku hizi! Banaona mambo mu telefoni, banafuata tu. Mi niko na kazi muchana yote, siwezi jua anafanya nini."

Ndivyo nilivyosema. Sikukosea herufi hata moja.

Prefe akamgeukia. "Nsimire, ni wewe ulijifanyia hivi?"

Mtoto alinitazama. Si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri basi na anaona limempita. Halafu akashusha macho.

"Ni mimi, Madame. Nilichukua mashini ya maman wakati hakuwe ku nyumba. Nilijishonea."

"Na kulabu za nyuma ulifunga namna gani peke yako?"

"Nilikuwa nazifunga mbele, kisha nazungusha."

Alinitungia uongo wangu, akauweka na kiraka pale ulipokuwa unavuja!

Prefe alimgombeza. Akasema ameaibisha shule, ameharibu safari ya wenzake. Akampa siku tatu za kukaa nyumbani, na akirudi asimame mbele ya darasa aombe msamaha kwa usumbufu. Mtoto aliyezimia ndiye akaambiwa aombe msamaha! Na mimi nilisema nini? Nilisema, "Aksanti, Madame Prefe." Nilishukuru!

Tulirudi nyumbani. Karibu na mlango nikaona lazima niseme kitu. Nikamshika bega, nikamwambia, "Umefanya muzuri."

Hayo ndiyo maneno yanayonichosha kuliko yote. Yale ya ofisini naweza kusema niliogopa. Haya nilisema nikiwa na akili zangu timamu.

Nilimpeleka kituo cha afya wakamtibu vidonda. Siku ya nne alirudi shuleni, akasimama mbele ya darasa, akaomba msamaha. Mwalimu aliniambia alisema sentensi mbili, sauti haikutetemeka. Kutoka hapo hakwenda tena. Asubuhi alikuwa anavaa unifomu, anaketi kitandani, basi. Ukimwambia twende, anasema, "Kesho." Kesho yake anasema, "Kesho."

Na kuniita maman aliacha. Hakunikosea adabu hata mara moja. Alikuwa anajibu, "ndiyo", "hapana", "iko ku meza". Lakini lile neno hakulitamka.

Niko na dada mkubwa anayelima kijijini Mudaka, nje ya mji. Tumwite Maman Ombeni. Nsimire ndiye aliyempigia simu, mimi sikujua. Dada yangu akaja, akaweka mfuko wake chini, akamkumbatia mtoto muda mrefu. Na yeye alikuwa amesikia ile hadithi ya uongo, kwamba mtoto alijifunga mwenyewe.

"Mama yangu mudogo," alimbembeleza Nsimire, "nani alikudanganya mwili yako iko mubaya?"

Mimi nilikuwa nasugua sufuria, nikaendelea kusugua.

Dada akanigeukia. "Na wewe, kazi yako si kupima batu? Mutoto anakulia mu nyumba ya mushonaji na hana hata sutien moja ya kumutosha? Kesho tunaenda sokoni, sisi batatu."

Tulikwenda soko la Kadutu. Kuna mama mmoja pale anayeuza sutien za balo, za mitumba, wanamuita Maman Cikuru. Ni mnene, anaongea polepole, ananing'iniza sutien zake kwa kamba kama mtu anayekausha samaki. Nyuma amefunga kikwembe kama pazia, na ndani kuna kiti na kipande cha kioo. Tuliingia sote wanne, tumebanana. Nsimire alibaki na singileti yake nyepesi.

Maman Cikuru alitoa metre. Nsimire alipoiona tu akageuza mgongo, akatoa pumzi yote, akabaki ameshikilia hivyo, mabega juu.

Mimi nilijua kwa nini. Wao hawakujua.

"Hapana, binti," Maman Cikuru alisema. "Hapa hatutoe pumzi. Vuta. Pumua sawa kila siku. Mi nataka kupima mutu mwenye kuwa hai."

Nsimire akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Kisha machozi yakaanza kumtoka, bila sauti, yanateremka tu.

Maman Cikuru hakusema kitu. Alipitisha metre chini ya kifua, akahakikisha nyuma imelala sawa, haikupanda. Akapima na pale palipojaa, bila kukaza, kidole chake kikiwa ndani ya metre. Akafanya hesabu kwa Kifaransa, kama tunavyofanya wote.

"Iko 85. Alikuwa anavaa ngapi?"

"75," nilijibu.

Alinitazama. "75 ni ya mutoto wa miaka kumi."

Alimjaribisha nne. Ya kwanza ilipwaya vikombe, ikakunjamana. Ya pili vikombe vilikuwa sawa, lakini alipomwambia ainue mikono, mkanda ukapanda nyuma. "Hii itamusumbua," akaitoa. Ya tatu chuma chake kilikuwa kinamchoma pembeni. Ya nne ilikuwa ya rangi ya chai, haina urembo wowote. Maman Cikuru akamfunga kwenye kulabu ya kwanza, ile iliyolegea.

"Ikiwa mupya unafunga hapa," alimweleza Nsimire, si sisi. "Nayo inaendelea kulegea. Ikilegea, unahamia kulabu ya pili, kisha ya tatu. Ukianzia ya mwisho, utaenda wapi? Na batu banafikiri mikanda ya ku mabega njo inabeba kifua. Uongo. Hii ya chini njo inabeba. Ingiza vidole vyako viwili hapa. Vinaingia?"

"Vinaingia."

"Bien. Hapa katikati inalala ku mufupa? Njo vile. Sasa inama. Simama. Ruka kidogo."

Nsimire akaruka. Mara ya kwanza alijishika kifua kwa mikono miwili, kwa mazoea. Mara ya pili hakujishika. Akajitazama kwenye kile kipande cha kioo, mgongo ukanyooka wenyewe, wala hakuna aliyemwambia anyooke. Ilichukua dakika kumi na tano. Dakika kumi na tano, na mimi nilimnyima mwaka mmoja na nusu!

Alipokuwa anarudisha blauzi yake, Maman Cikuru aliona makovu chini ya kwapa.

"Hii ni nini? Nani alimufanya hivi?"

"Ni mimi," Nsimire akasema haraka. "Nilijishonea kitu."

Alilitamka kama katekisimu, kama jambo ambalo amelikariri mpaka limekuwa la kwake. Dada yangu akatikisa kichwa kwa huruma. Hapo sikuweza tena. Nikaketi kwenye kile kiti.

"Anadanganya," nilisema. "Ni mimi. Nilishona mimi, nilimufunga mimi, kila asubuhi. Na kwa prefe nilimukana."

Nje ya pazia watu walikuwa wanabishana bei ya viatu.

"Wewe?" dada yangu aliuliza.

"Mimi."

Nilimtazama Nsimire. Nilitegemea nini, sijui. Labda alie, labda anishike. Aliendelea kufunga vifungo vyake, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Kisha akasema kwa upole:

"Ungesema kule ku biro. Hapa hakuna mutu mwenye alinicheka."

Akatoka nje ya pazia.

Wiki hiyo hiyo aliondoka na dada yangu. Hakufukuzwa, hakutoroka. Aliomba mwenyewe, akakunja nguo zake, akaaga vizuri. Anasoma Mudaka sasa. Anamsaidia dada yangu shambani, na nasikia anacheka sana. Yeye anamuita dada yangu maman. Mimi akinitaja anasema "Maman ya Bukavu", kama unavyomtaja mtu wa ukoo mnayekutana naye kwenye misiba.

Naenda kumuona kila mwezi. Safari iliyopita nilimkuta anaenda shule, kola yake imekunjika nyuma. Nikanyoosha mkono niirekebishe, ni kola tu! Alitoa pumzi. Mwili wake ulifanya wenyewe, kabla hajafikiri. Mabega yakapanda, pumzi ikatoka yote, akabaki anangoja nimalize. Niliuondoa mkono haraka.

Nilirudi kwa prefe. Nilichelewa, ilinichukua miezi miwili kupata nguvu ya kupanda ule mlima, lakini nilirudi. Nikamweleza kila kitu nimesimama. Nikamwomba aniruhusu niingie darasani niseme mbele ya wale watoto kwamba Nsimire hakufanya kitu, kwamba mwenye kuomba msamaha nilikuwa mimi.

Alivua miwani, akafuta, akavaa tena.

"Maman, ile mambo iliisha. Mutoto amehama. Ukiingia kule ndani, kesho bazazi ba batoto batanijaa hapa. Acha ilale."

Nikamwambia kwangu hailali. Akasema anaelewa. Akaita mtu aliyekuwa anangoja nyuma yangu.

Kwa hiyo naandika hapa, mahali ambapo watu wengi watasoma. Najua unachofikiria: bado nimeficha jina. Ni kweli. Bado mimi ni mwoga. Nimeandika jina langu mara mbili chini ya karatasi hii, na mara mbili nimelifuta. Lakini labda mmoja wa wale wasichana atasoma, atakumbuka siku ya Lwiro, atajua. Binti yule hakujifunga. Alifungwa. Na aliyeomba msamaha mbele ya darasa lenu alikuwa anamficha mama yake.

Siku hizi mama akiniletea binti yake nimshonee, namuuliza binti kwanza, "Inakukaza wapi?" Wengine mama zao wanataka kuwajibia. Nawaambia wangoje. Wananiona mkali. Sawa tu.

Wewe mama unayesoma, usinihurumie. Mimi nimechoka tu, si wa kuhurumiwa. Sikiliza wewe mwenyewe. Binti yako akikua, usimpime kwa macho na usimpime kwa hofu yako. Mpeleke kwa mwanamke anayejua, umnunulie namba yake, si namba unayotamani angekuwa nayo. Akisema inamuumiza, inamuumiza. Wanaume wakimuita njiani, kawagombeze wanaume.

Na kama umeshamkosea, usifanye nilivyofanya mimi, kutafuta mahali pa giza penye watu watatu ndipo useme. Kaseme pale pale alipoaibika, kwa wale wale waliomcheka, siku ile ile, hata kama sauti itakukatika. Ukichelewa, watakwambia mambo yameisha. Nao kwa upande wao watakuwa wanasema kweli.